Betri ya Mama Njeri

Tulipomzika Mzee Karanja mwezi uliopita mimi nilifika nikiwa nimechelewa, na nilipoingia kwa lango kitu cha kwanza nilichotafuta kwa macho hakikuwa jeneza. Nilitafuta pikapu. Najua si jambo zuri kusema, lakini nikianza kuandika habari za mwaka ule kwa kujifanya mtu mzuri nitaishia kuandika habari za mtu mwingine. Kurasa hizi nimeshaziandika mara mbili nikazirarua. Mimi ni mtu wa darasa la nane, kazi yangu imekuwa usukani, na jioni nikiandika kwenye daftari mke wangu huniuliza ni nani atasoma. Simjibu kwa sababu sijui. Lakini sasa mzee amekwenda, mkewe Mama Njeri alitangulia zamani, na binti yao Njeri wakati ule alikuwa akifanya kazi Nairobi, hakuyaona. Nimebaki mimi tu niliyeona vile betri moja ilivyoiendesha nyumba ile mwaka mzima, na mimi mwenyewe kumbukumbu yangu siiamini sana. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Mwaka wenyewe ni wa tisini na sita. Nilikuwa kijana wa kutosha kuoa lakini sikuwa na pa kumweka mke. Mzee Karanja alinipa chumba cha mabati kando ya zizi, hapo Kitengela, mahali ambapo leo kuna ghorofa tatu za kupangisha na mtu anayeuza chipsi. Wakati ule ukisimama mlangoni asubuhi uliwaona nyumbu wakipita kimya kama watu wanaochelewa kanisani. Stima ilikuwa imefika barabarani, kwa maduka na pale pa petroli, na sisi tuliokaa nyuma tuliziangalia taa za wenzetu. Kazi yangu ilikuwa maziwa. Kabla ya jua kutoka niliendesha ile pikapu, ambayo iliwahi kuwa nyeupe, nikaifuata barabara ya Kajiado kupita Isinya, na huko kwenye njia panda walinisubiri akina mama wa Kimaasai na mitungi yao. Nikiwafikia mapema, maziwa yanafika Kitengela yakiwa mazima na hoteli zinayachukua. Nikichelewa mpaka jua likolee, yanaganda humo humo njiani. Kazi yote ilikuwa hiyo, kuwahi, na mtu yeyote angeiweza, ila ilitaka gari liwake asubuhi.

Sasa nikieleze kile chumba cha ndani ya nyumba ya mzee, maana mambo yote yalitokea humo. Kilikuwa sebule, lakini tangu Mama Njeri apigwe na kiharusi kilikuwa chumba chake. Kitanda kilisukumwa mpaka dirishani, kiti chake cha mbao chenye mito kikawekwa karibu na meza, na kila kitu kilichoweza kufunikwa kilifunikwa kwa kitambaa alichokifuma yeye mwenyewe kabla ya mkono wa kulia kufa: viti, redio, meza, hata jagi la maji. Palinuka dawa ya kuchua na chai ya maziwa. Mchana kutwa alikaa pale akisikiliza kuku. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo, mazito, lakini ukizoea uliyasikia yote, na mengi yalikuwa makali. Alikuwa mwanamke wa soko zamani, aliyepanda na kushuka na magunia ya viazi, na sasa alikuwa hawezi kujifunga leso. Kitu kilichombakia ni jioni. Jioni kulikuwa na tivii, ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, na Mama Njeri aliipenda mieleka kuliko taarifa ya habari. Mtu akiinuliwa juu kutupwa chini, yeye husema polepole, kama anayeombea chakula, "Apigwe. Apigwe tena huyo." Mzee Karanja, aliyekuwa mzee wa kanisa, alikaa kando yake akijifanya anasoma.

Tivii ile ilitumia betri, na betri katika boma lile ilikuwa moja, ya pikapu. Kwa hiyo kila jioni nikishaosha mitungi nilifungua boneti, nikachukua spana ya kumi, nikalegeza waya mweusi kwanza kisha mwekundu, nikaikumbatia betri tumboni na kuiingiza ndani, nikaiweka kwenye ubao chini ya meza. Asubuhi nairudisha. Mashati yangu yote ya mwaka ule yalikuwa na matundu tumboni kama yaliyoliwa na mende, na kitambaa cha meza upande wa chini kilianza kuwa wavu. Watu walituchekea. Kioko, fundi wa pale steji, Mkamba mwenzangu, aliniuliza kila aliponiona: "Leo umeiingiza saa ngapi? Betri si kuku, Mutua, kwamba jioni inarudi ndani." Na kwa haki lazima niseme Kioko alikuwa sawa. Kitu kinachofunguliwa na kufungwa kila siku kinachoka. Nikiibeba iliinama, asidi ikachungulia kwenye vifuniko, ikateremka mpaka kwenye vile vichwa viwili vya risasi ambako waya hubanwa. Baada ya muda vichwa vikaota unga, mweupe upande mmoja, wa kijani na buluu upande mwingine, mzuri hata kuutazama, kama ukungu wa mkate. Ule unga ukiingia katikati ya kichwa na kibano chake umeme haupiti. Unazungusha ufunguo unasikia "tk", basi, kama mtu anayekusonya. Nilikuwa nakwangua kwa kisu, napiga kibano kwa jiwe, namwagia chai ya moto iliyobaki. Siku nyingi iliwaka. Siku nyingine tuliisukuma, mimi na mzee na yeyote aliyepita, na Mama Njeri akitutazama kutoka dirishani. Nafikiri alijua tunasukuma kwa sababu yake.

Aliyetupa magadi alikuwa Ngoto Nasieku, yaani mama yake Nasieku, kiongozi wa wale akina mama wa maziwa. Siku hiyo nilikuwa nimezima gari njia panda na likakataa kuwaka. Nilimsalimia vile walivyonifundisha, "Takwenya, yeyo," naye akajibu "Iko," akaja kuangalia ndani ya boneti kama anayeangalia mdomo wa ng'ombe mgonjwa. "Hii ni kitu gani nyeupe?" Nikamwambia ni asidi imeota. Akatoa kwenye fundo la shuka lake bonge la magadi, yale yanayotoka huko ziwani kwao, ambayo ng'ombe hulamba na wazee huchanganya na tumbaku. "Yangu ilikuwa ya ugoro. Weka maji moto, mwagia hapo. Shemeji yangu iko na trakta, hufanya hivyo." Nimejiuliza miaka mingi kama alisema nimwagie nje tu. Nafikiri hakusema, na wala silaumu, kwa sababu ni nani angefikiria ndani. Jioni nilichemsha maji, nikayayeyusha magadi kwenye mkebe, nikamwaga. Unga ule ulifoka povu kama sabuni, ukanung'unika, ukateremka chini, na chini yake risasi ikatokea safi, rangi ya sarafu mpya. Mama Njeri aliniita dirishani akataka kuona. Nikafanya tena upande wa pili mbele yake. "Kumbe inaogeshwa," akasema. Asubuhi gari liliwaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo, na Mzee Karanja alisimama pale na kikombe chake akitikisa kichwa kwa furaha, na mimi nilijiona mtu.

Furaha ile ndiyo iliyotuponza. Baada ya muda betri ilianza kuchoka yenyewe, taa zikawa za manjano, tivii ikawa inajikunja picha pembeni. Ilihitaji tu kupelekwa steji kuchajiwa. Hilo Kioko alikuja kusema baadaye, na baadaye kila mtu ana akili. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kula githeri. Githeri ya nyumba ile, kama ya nyumba nyingi, ilitiwa magadi kidogo ili mahindi na maharagwe yaive haraka, na mzee alikuwa bado anajichokoa meno alipoinama juu ya betri na kuniuliza, "Mutua, githeri ikikataa kuiva unaweka nini?" Nikasema magadi. "Na hii imekataa nini? Si imekataa kuchemka?" Alikuwa amesikia watu wakisema betri nzuri ikichajiwa huchemka ndani, na hilo ni kweli. Akafungua vifuniko vyote, akatia kwenye kila shimo kiasi cha vidole vitatu, kwa upole, kama anayetia chumvi chakula cha mgeni. Betri ikachemka. Ilichemka kwa nguvu, povu likapanda mpaka juu. "Unaona? Imeamka," mzee akasema. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Ningependa kuandika kwamba nilijua, au kwamba nilimkataza, lakini ukweli ni kwamba nilishangaa tu nami nikaona imeamka. Kumbe magadi yalikuwa yameiua asidi ndani kama yalivyoua unga nje, na jioni tivii haikuwaka hata kidogo. Asubuhi hakukuwa hata na ile "tk". Tulisukuma mpaka kwa jirani wa tatu. Mama Njeri alipoelezwa kilichofanyika alimwambia mumewe kwa ule mdomo wa upande mmoja, "Magadi ni ya kulainisha. Sasa imelainika, Baba Njeri. Ipakue tule." Hakuna aliyecheka wakati huo. Mimi nimecheka miaka iliyofuata, nikiwa peke yangu barabarani.

Siku ile sikuwafikia akina mama. Kesho yake nilikwenda kwa gari la kuazima na nikawakuta njia panda wamesimama bila mitungi. Hiyo ilinitisha kuliko kama wangekuwa na mawe. Ngoto Nasieku hakunisalimia. Akasema, "Dereva, jana maziwa yetu ilikunywa mbwa. Mbwa ya hapa imenona." Wenzake wakacheka kidogo, bila kunitazama. Nikaanza kueleza habari za betri, akaniacha nieleze mpaka mwisho, hata ile ya githeri, maana sikujua niishie wapi. Wakati huo walicheka kweli, mmoja akakaa chini. Lakini Ngoto Nasieku alifuta macho kwa shuka akarudi palepale alipokuwa. "Iko mtu ya Kajiado, iko na kanta mpya, ile lori ndogo. Imekuja kutuongelesha mara mbili. Sisi tumesema hapana kwa sababu mama yako ule mgonjwa alikuwa anatununulia maziwa toka zamani, akiwa na miguu. Sasa sikia. Ukikosa tena siku moja, usirudi. Si ubaya." Hakuwa na ubaya. Watoto wao walisoma kwa maziwa yale.

Betri mpya ilipatikana kwa kuuza ndama. Kioko ndiye aliyeifunga, na siku hiyo hakunitania, alinieleza kila kitu taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Jioni nilikuwa nje ya jikoni nakula ugali wangu na sukuma, na ukuta wa mbao ulikuwa mwembamba, kwa hiyo niliyasikia ambayo sikutakiwa kuyasikia. Mzee alisema, "Hii haiingii ndani." Halafu Mama Njeri: "Sawa. Basi nitoeni mimi. Niwekeni huko kwa pikapu na tivii yangu, nilale huko." Mzee akasema yeye hasemi kwa ubaya, ila maziwa yakienda nyumba imekwenda, na dawa zake zinatoka kwa maziwa hayo hayo. "Najua," akasema. "Nimekataa? Nimesema mnitoe." Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Mwisho mzee akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na siku nzima, "Tujaribu. Lakini ikikataa asubuhi moja, moja tu, tivii naipeleka Nairobi kwa Njeri, na usinililie." Mama Njeri akajibu, "Mutua ako hapo nje anasikiliza. Mwambieni aingie na hiyo betri."

Niliingia nimejaa aibu, mdomo una ugali. Akanielekeza niiweke kwenye kigoda mbele ya kiti chake. Akaitazama muda, akagusa kifuniko kimoja kimoja kwa kidole cha mkono wa kushoto. "Kuanzia leo hii ni yangu," akasema. "Wewe unabeba. Baba Njeri haigusi. Ukirudi kutoka kwa fundi uniletee maneno yake, usiongeze yako." Na ikawa hivyo. Kioko aliponiambia kitu mchana, jioni nilikirudia mbele ya Mama Njeri kama mtoto anayesema aya ya kukariri. Vifuniko vikazwe kwanza, kabla ya tone lolote la magadi kusogea. Hilo hakuhitaji Kioko, alinifanya nikaze, kisha nikaze tena, kisha akajaribu mwenyewe. Kisha yeye mwenyewe alisugua kwa mswaki wa zamani na maji ya magadi, kwenye vichwa tu na kwenye vibano, mpaka povu liishe. Kisha maji safi kwa kitambaa, kisha kukausha. Asubuhi mimi nikirudisha betri, waya mwekundu ulitangulia na mweusi ukaja mwisho, vibano vinabanwa chuma kwa chuma bila kitu katikati, na grisi inapakwa baadaye, juu, kwa nje, kama mafuta kwenye kisigino. Wengi hupaka katikati. Hata mimi nilikuwa nikipaka katikati nikidhani naisaidia.

Kioko alisema kwamba madukani Nairobi kulikuwa na vipete vya sufu, vilivyoloweshwa mafuta, vya kuvisha chini ya kibano ili mvuke wa asidi usipande. Nilimletea Mama Njeri habari hiyo kama habari tu. Akaniambia nifungue sanduku, nitoe blanketi lake la zamani, jekundu, lililokuwa limeliwa pembeni. Mkasi ulikuwa wa mtu wa mkono wa kulia na yeye alikuwa na wa kushoto tu, kwa hiyo ulitafuna badala ya kukata. Mimi nilishika blanketi likanyooka, yeye akakata, ulimi umetoka upande ule mzima wa mdomo, na kilichotoka kilikuwa kama sikio la mbuzi. Akakitazama. "Njeri akizaliwa nilimfumia kofia kwa siku moja," akasema, si kwangu hasa. Akakata kingine. Tukavilowesha kwenye grisi ya magurudumu, na asubuhi nikavivisha, chini ya kibano chekundu kimoja, chini ya cheusi kimoja. Vilikaa. Kila vilipoanza kukauka alikata vingine, na havikuwahi kuwa mviringo.

Nikifikiria mwaka ule sasa, kitu ninachokiona si barabara wala maziwa. Ni zile jioni. Mama Njeri amemaliza kuisugua betri, mkono wake unang'aa kwa grisi na hataki ufutwe mpaka mieleka iishe. Mzee anasema, "Mama Njeri, unanuka gereji." Naye bila kuondoa macho kwenye tivii: "Wewe ulikuwa unanuka mbuzi nikakubali kuolewa." Chai inapita. Kikombe chake kinajazwa nusu kwa sababu hutikisika. Mimi nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango, nimechoka mpaka mifupa, kwa sababu nimeamka nyota zikiwa juu na kesho ni hivyo hivyo, na nasinzia, na nikifumbua macho mtu anatupwa chini. Sikuwa na furaha, sitasema uongo. Nilitaka mke, nilitaka chumba kisichonuka zizi. Lakini asubuhi nikizungusha ufunguo gari likiwaka, dirisha la sebule lilikuwa wazi, na nilijua kuna mtu ameamka akisikiliza. Nilikuwa nakanyaga mafuta kidogo, liungurume, ili asikie vizuri.

Halikukataa tena. Mvua ilikuja, matope yakatushika hapa na pale, lakini kuwaka liliwaka. Ngoto Nasieku aliniuliza siku moja ni nani anayeosha, maana si mimi, kucha zangu ni chafu. Nikamwambia ni Mama Njeri. Tangu hapo kila mara alinipa bonge la magadi safi, "ya ule wa mkono moja", na mara nyingine kibuyu cha maziwa ya kugandisha, ambacho hakikuwa cha kuuza. Sikumbuki kama wale wawili waliwahi kuonana tena. Nafikiri hawakuonana.

Mwishoni mwa mwaka Mama Njeri alianza kulala katikati ya kazi. Mswaki ulibaki mkononi, macho yamefumba, na mimi na mzee tulisubiri, hakuna aliyethubutu kuuchukua. Jioni moja aliamka akauliza kama amemaliza. Mzee akasema amemaliza. Hakuwa amemaliza, nusu ilikuwa bado, na nilimwona mzee baadaye akiimalizia mwenyewe, kwa haraka, akiwa amempa mgongo. Siku chache baada ya hapo alfajiri nilikuwa nimeshafunga betri, naelekea kwa mitungi, nikasikia mzee akiniita kwa sauti ambayo sikuijua. Tulimlaza Mama Njeri mbele, kichwa kwenye mapaja ya mzee. Gari liliwaka mara moja. Nimeliendesha gari hilo mara nyingi lakini kuwaka kule ndiko ninakokumbuka, safi, bila kusita, mwanamke aliyeitengeneza kazi hiyo akiwa amelala kando yangu hajui. Tukafika hospitali ya Kajiado watu wa usiku bado hawajabadilishana na wa mchana. Njiani tulipita njia panda na akina mama walituona, na nilipunguza mwendo, na Ngoto Nasieku akanipungia mkono niende, niende. Maziwa ya siku hiyo walimpa mtu wa kanta. Kesho yake walinirudia bila mimi kuomba. Mama Njeri hakurudi nyumbani.

Baada ya mazishi betri haikutolewa tena kwenye gari. Tivii ilifunikwa kwa kitambaa. Kila mtu, pamoja na Kioko, alisema sasa itadumu, haibebwi wala haiinami, na mimi niliamini. Kabla mwezi haujaisha vichwa viliota. Unga mweupe, wa kijani, wa buluu, kama zamani, na vile vipete vyekundu vimekauka chini yake kama ngozi. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho labda ni cha kijinga: kule kuitoa kila jioni kuliichosha betri, ni kweli, lakini ndiko pia kulikoifanya ionwe na mtu kila jioni. Nilimwambia mzee, "Betri inaota." Akasema, "Iache." Nikamwambia ni kazi ya dakika, magadi yapo. "Nimesema usiiguse, Mutua." Hakupaza sauti. Nikaiacha, gari ni lake. Muda mfupi baadaye nilipata kazi ya lori la nyanya na vitunguu huko Loitokitok, tukaagana vizuri, akanipa kuku. Lakini moyoni niliondoka na neno. Nilimwambia mke wangu, nilipompata, kwamba yule mzee aliacha kazi ya mikono ya mkewe ikaoza mbele ya macho yake. Nimelisema neno hilo zaidi ya mara moja, katika miaka hii yote, na nimelisema kama mtu aliyeona.

Ndiyo maana niliitafuta pikapu. Watu walipokwenda kula nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaikuta chini ya mabati, imekalia mawe, haina hata gurudumu moja, na kuku wanalala ndani. Boneti ilikuwa nzito, ikanilazimu kuipandisha kwa bega. Ndani kila kitu kilikuwa kutu na manyoya, isipokuwa betri. Ilikuwa betri nyingine, si ile, labda ya tano au ya sita tangu ile. Vichwa vyake viling'aa. Na chini ya kila kibano palikuwa na pete ya blanketi, nyekundu, imepinda kama sikio la mbuzi, grisi yake bado mbichi.

"Unatafuta nini, Mutua?" Alikuwa Njeri, amefunga leso kichwani, mtu mzima sasa, mwenye uso wa mama yake. Nikamwonyesha, nikamuuliza ni nani anayekata hizi.

"Si ni Baba. Tulimwambia gari haliendi popote, hata stima tuko nayo, betri ya nini. Alikuwa anakaa kwa kile kiti cha Mami jioni, anaosha hiyo kitu na mswaki, halafu anakata blanketi. Mpaka wiki ile aliyolazwa." Akainama kuziangalia karibu. "Na unajua kitu kilikuwa kinanishangaza? Baba ni mtu wa mkono wa kulia. Lakini hizi alikuwa anakata na kushoto. Nikimwambia, Baba, tumia ule mwingine, utajikata, ananiambia niende nikaangalie chai."

Alinitazama kama anayetaka nimwambie kwa nini. Nilitaka kusema sijui, maana nilikuwa nimechoka, magoti yananiuma, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Halafu nikaona si haki, kwa mzee hasa, ambaye nilikuwa nimemsema vibaya muda wote huo akiwa amekaa pale na mkasi. Nikateremsha boneti polepole nisiwashtue kuku. Njeri akavuta ndoo mbili akazigeuza chini juu, tukakaa, nami nikaanza kumsimulia, kuanzia kwa magadi.